Profesa mwenye h 71 na profesa mwenye h 17: binti aende kwa nani?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, naishi Newala. Binti yangu ni daktari, amefanya kazi miaka kadhaa hapa mkoani Mtwara, na sasa amepata nafasi mbili za kusomea shahada ya uzamivu ya sayansi ya ubongo nje ya nchi. Profesa wa kwanza anachunguza ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Ukurasa wake wa Google Scholar unaonyesha makala 260, zilizonukuliwa mara 31,000, na kitu kinachoitwa h ambacho ni 71. Wa pili anachunguza konzo, ule ulemavu wa miguu unaoletwa na muhogo mchungu. Yeye ana makala 44, zimenukuliwa mara 1,150, na h yake ni 17. Mpwa wangu aliyesoma Dar es Salaam anasema hapo hakuna cha kujadili, 71 ni 71. Binti mwenyewe moyo wake uko kwa wa pili. Namba hizi zinapima nini hasa, na mimi kama mzazi nimshauri vipi?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Hongera kwa binti, na hongera kwako kwa kuuliza namba zinapima nini kabla ya kuzilinganisha. Wengi huanza na kulinganisha, wakiwemo watu wa vyuo vikuu wanaopandisha wenzao vyeo kwa namba hizo hizo.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa h ya 71 na h ya 17 peke yake, hakuna anayeweza kusema ni nani mtafiti bora kati ya hawa wawili, kwa sababu nyanja zao hazilingani hata kidogo kwa ukubwa. Na ukizisoma kwa pamoja namba zote tatu ulizonitumia, rekodi ya wa pili imekaa vizuri kuliko mpwa wako anavyodhani, ilhali ya wa kwanza ina jambo la kuchunguza kabla mtu hajaishangilia.

Tuanze na h yenyewe, maana kwa mtu wa hesabu ni kazi ya dakika moja. Makala moja ya kisayansi ikiitaja nyingine katika marejeo yake, ile iliyotajwa imepata nukuu moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo hiki: zipange makala zote za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha shuka ukihesabu 1, 2, 3, ukisimama kwenye makala ya mwisho ambayo nukuu zake hazijapungua namba yake kwenye orodha. Mtafiti mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 40, 12, 6, 4 na 1 ana h ya 4, kwa kuwa makala ya nne ina nukuu 4 na ya tano ina 1 tu. Sasa ipandishe ile ya kwanza kutoka 40 hadi 4,000. H inabaki 4. Kipimo hiki humpa alama mtu anayetoa makala nyingi zinazonukuliwa kwa wastani, na humnyima yule aliyeandika chache, moja kati ya hizo ikabadilisha fani. Tena hakishuki. Mtu akistaafu h yake inaendelea kupanda, hivyo profesa wa miaka 65 karibu siku zote atamzidi wa miaka 42 hata kama kazi zao zina ubora mmoja. Hukuniambia kila mmoja ameanza kuchapisha lini. Binti aangalie mwaka wa makala ya kwanza ya kila mmoja, ndipo h ianze kuwa na maana.

Hirsch aliona jambo jingine ambalo nadhani utalipenda. Ukichukua jumla ya nukuu za mtafiti ukaigawa kwa mraba wa h yake, kwa kawaida unapata kitu kati ya 3 na 5. Wa pili: 17 mara 17 ni 289, na 1,150 kwa 289 ni karibu 4. Amekaa katikati kabisa. Wa kwanza: 71 mara 71 ni 5,041, na 31,000 kwa 5,041 ni zaidi ya 6. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna makala chache zilizobeba sehemu kubwa sana ya nukuu zake. Hilo lenyewe si kosa. Huenda aligundua kitu kikubwa mara moja au mbili na dunia nzima inamtaja kwa hicho. Huenda pia jina lake limo kwenye miradi mikubwa ya pamoja, kama ile ya kuchunguza vinasaba vya Alzheimer au ule utafiti wa kukadiria mzigo wa magonjwa duniani, ambamo makala moja huwa na waandishi mamia. Nukuu 5,000 za makala ya namna hiyo hazigawanywi: kila mmoja kati ya hao mamia anaandikiwa 5,000 zote. Watu wawili wenye nukuu 31,000 wanaweza kuwa mmoja aliyeongoza maabara miaka thelathini na mwingine aliyetuma data za hospitali yake kwenye miradi sita. Wote wamefanya kazi ya maana, lakini kwa mwanafunzi anayetafuta wa kumfundisha, tofauti yao ni kubwa.

Njia ya kujua ni kutazama mpangilio wa majina. Katika sayansi ya ubongo desturi ni kwamba jina la kwanza ni la aliyefanya kazi yenyewe, mara nyingi mwanafunzi, na la mwisho ni la mkuu wa maabara aliyeibuni, akaitafutia fedha na kuisimamia. Majina ya katikati ni ya waliosaidia, wengine kwa mengi, wengine kwa machache. Binti achukue makala 20 zinazonukuliwa zaidi za profesa wa kwanza ahesabu yuko wapi. Kama kwenye nyingi ni wa mwisho, huyo ni kiongozi wa kweli na sifa zake anastahili. Kama kwenye kumi na tano ni jina la 40 kati ya 120, ile 71 inahitaji kupunguzwa sana kichwani. Zoezi hilo hilo alifanye kwa wa pili, bila upendeleo, ingawa moyo uko huko.

Halafu kuna ukubwa wa fani, na hapa ndipo mpwa wako amepotea zaidi. Nukuu hutoka kwa watafiti wengine. Kuhusu Alzheimer huchapishwa maelfu ya makala kila mwaka, kila moja ikiwa na marejeo mengi, kwa hiyo hata makala ya kawaida huokota nukuu. Kuhusu konzo, daktari mwenye bidii anaweza kusoma karibu kila kilichoandikwa na akamaliza ndani ya mwaka mmoja. Wanaoweza kukunukuu ni wachache, na wengi mnafahamiana kwa majina. H ya 17 katika uwanja wa namna hiyo ni ya mtu ambaye karibu kila anayeandika juu ya jambo hilo analazimika kumsoma.

Kipo kipimo kinachojaribu kurekebisha hili. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walieleza namna ya kupima nukuu za makala kwa kuzilinganisha na za majirani zake, yaani makala zinazotajwa pamoja nayo. Kiwango cha katikati cha makala zilizofadhiliwa na taasisi hizo kimewekwa kuwa 1, hivyo makala yenye 2 imenukuliwa mara mbili ya hapo. Huduma yao inaitwa iCite, ni bure, na inahitaji tu namba ambazo makala hupewa kwenye PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba. Binti aziingize makala za wote wawili. Sitashangaa wakikaribiana kuliko 71 na 17 zinavyoonyesha. Na ahakikishe analinganisha vitu vya chanzo kimoja na vya siku moja: Google Scholar huhesabu hadi tasnifu na rasimu zilizowekwa mtandaoni, kwa hiyo namba zake huwa juu kuliko za hifadhi nyingine za nukuu, kama Scopus au Web of Science.

Niseme kidogo kuhusu konzo yenyewe, kwa sababu mfano wa kazi isiyonukuliwa sana uko nyumbani kwenu. Ugonjwa huu humpata mtu ghafla. Mtoto aliyekuwa akikimbia jana anaamka miguu yote miwili imekakamaa, na tangu hapo hali haizidi wala haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo ni wiki kadhaa za kula muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha, huku mboga yenye protini ikikosekana. Mwili huhitaji salfa ya kwenye protini ili kuidhoofisha sayanaidi ya muhogo, na salfa ikipungua sumu hukaa. Ukame huja na balaa zote mbili kwa mpigo: muhogo unaongezeka sumu, na njaa hairuhusu mtu kungoja makopa yakauke juani ipasavyo. Mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 walipata ulemavu huu mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na daktari Hans Rosling wa Sweden, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa waliochunguza. Mlipuko wa Tarime wa mwaka 1985 ulielezwa mwaka 1990 katika jarida la Brain, mojawapo ya majarida ya zamani zaidi ya magonjwa ya ubongo na neva. Kisha ikawa zamu ya kusini. Makala ya mwaka 2011, kazi ya watafiti wa Tanzania na mwenzao wa Australia, Howard Bradbury, inaeleza milipuko ya kati ya 2001 na 2004 katika vijiji 14 vya Mtwara na Mbinga, ambamo watu wengi walithibitishwa kuwa na konzo.

Makala hiyo ilichapishwa katika jarida la sumu za vyakula na kemikali. Anayepanga watafiti wa ubongo kwa majarida ya ubongo haioni kabisa. Ndani yake mna njia ambayo akina mama wa vijijini walifundishwa: unga wa muhogo unalowanishwa, unatandazwa safu nyembamba, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na sayanaidi inapaa hewani kabla ya kupika ugali. Mama aliyejifunza hivyo, na watoto wake wakaendelea kutembea, haongezi nukuu hata moja. Muuguzi wa zahanati aliyemfundisha naye haongezi. Nukuu huhesabu mazungumzo ya watafiti kati yao, na konzo ni ugonjwa ambao matokeo ya utafiti wake huishia jikoni.

Tena bado pana swali kubwa la sayansi ndani yake. Kwa nini sumu inayozunguka mwili mzima huumiza zaidi neva zinazoendesha miguu na kuacha nyingine? Anayeshughulika na hilo anashughulika na ubongo kwa maana kamili ya neno, na matokeo yake yanaweza kuwasaidia hata wanaochunguza magonjwa mengine ya neva za mwendo.

Lakini nisikupeleke upande wa pili ukaamini kwamba nukuu chache ni dalili ya thamani iliyojificha. Makala nyingi zisizonukuliwa hazinukuliwi kwa sababu hazina kitu. Binti azisome. Ninyi wa Newala mnajua kwamba ubora wa korosho ghafi hausomwi kwenye mizani. Sampuli hupasuliwa, kokwa zikatazamwa. Achukue makala tatu za kila profesa azipasue hivyo: watu au wanyama wangapi walipimwa, kulikuwa na kundi la kulinganishia, data zimewekwa wazi ili wengine wazikague?

Idadi ya waliopimwa naikazia. Mwaka 2013 uchambuzi uliochapishwa katika Nature Reviews Neuroscience uliangalia nguvu ya takwimu katika tafiti za ubongo na neva, ukakuta kiwango cha katikati ni asilimia 21. Yaani jambo linalotafutwa hata kama lipo kweli, utafiti wa kawaida ulikuwa na nafasi kama moja kati ya tano ya kuliona. Na pale utafiti mdogo unapoliona, mara nyingi hulikuza kuliko lilivyo. Makala za namna hiyo hunukuliwa vizuri tu, maana matokeo ya kushangaza huvutia.

Katika fani ya profesa wa kwanza upo mfano mzito zaidi. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliodai kupata aina fulani ya protini inayoharibu kumbukumbu za panya wa maabara. Ulinukuliwa zaidi ya mara 2,000. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa uchunguzi ulioonyesha dalili kwamba picha zake zilichezewa, na mwaka 2024 makala hiyo iliondolewa rasmi. Nukuu zile zote bado zimo kwenye hesabu za kila aliyekuwa mwandishi wake. Simhusishi profesa wa binti na jambo hilo hata kidogo, wala simaanishi kwamba utafiti wa Alzheimer ni mbovu. Watu waaminifu ni wengi humo na ugonjwa wenyewe unatesa familia nyingi, hata zetu. Nataka tu mpwa wako aone kwamba hesabu ya nukuu hupokea sifa, lawama na udanganyifu, na vyote hivyo huvijumlisha kwa alama moja.

Na ipo kazi inayongoja miaka. Daktari Louise Jilek-Aall aliwahudumia wagonjwa wa kifafa Mahenge, wilayani Ulanga, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika kuhusu watoto ambao vichwa vilikuwa vikiinama na kuinuka bila wao kutaka. Kwa miongo kadhaa ni wachache waliojali. Milipuko ya hali hiyo hiyo ilipojitokeza Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, watafiti walirudi kutafuta maandishi ya Mahenge. Aliyempima mwaka 1980 kwa nukuu angemwona hana alichofanya.

Sasa mambo ambayo hakuna namba itakayomwambia binti, na ambayo kwangu yana uzito kuliko yote tuliyoyazungumza. Wanafunzi wa uzamivu waliopita kwa kila profesa wako wapi leo? Walimaliza kwa muda gani, na majina yao yapo mwanzoni mwa makala au yamezama katikati? Majina ya wahitimu hupatikana kwenye ukurasa wa maabara au kwenye makala za miaka mitano au sita iliyopita. Awaandikie wawili au watatu kwa kila upande, kwa adabu, awaulize kama profesa huwa anasoma rasimu zao na hukaa nazo muda gani. Msimamizi mwenye makala 260 anaweza kuwa na wanafunzi kumi na tano na akakuona mara moja kwa mwezi. Anaweza pia kuwa na maabara yenye wakufunzi wazuri chini yake, na hapo mwanafunzi anajifunza mengi ambayo maabara ndogo haina: mashine za picha za ubongo, wataalamu wa takwimu, safari za mikutano. Hilo ni faida halisi upande wa kwanza, na lisifichwe.

Upande wa pili namuonea wasiwasi wa fedha. Utafiti wa konzo haufadhiliwi kwa wingi. Binti amuulize wazi profesa: ufadhili uliopo unaisha mwaka gani, na ukiisha kabla hajamaliza itakuwaje? Mtu mwaminifu hatachukizwa na swali hilo. Jambo jingine, atazame makala za kazi iliyofanyika Congo, Msumbiji au Tanzania: wenyeji wa nchi hizo wako wapi kwenye majina? Kama kila mara ni wa katikati, waliokusanya damu na mkojo halafu basi, na yeye ajue ndiyo nafasi anayoandaliwa. Kama wapo waliokuwa wa kwanza na sasa wanaongoza kazi zao wenyewe, hiyo ni sifa kubwa kuliko h yoyote.

Mambo mawili madogo kwa ajili ya rekodi yake mwenyewe. Achague leo namna moja ya kuandika jina lake asiibadilishe, kwa sababu majina yetu matatu matatu hukatwa ovyo na majarida, na nukuu za Fatuma mmoja huenda kwa mwingine. Ajisajili ORCID, ni bure, atapewa namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha yeye peke yake. Na akipokea barua pepe ya jarida linalomsifu na kumwahidi kuchapisha ndani ya siku chache akilipa, aifute.

Ukinibana niseme, mimi naegemea kwa wa pili, kwa masharti kwamba fedha zipo mpaka mwisho na wanafunzi wa zamani wamsifu. Binti atarudi hospitali ya Ligula au ya Mitengo, Mtwara, na ujuzi wa ugonjwa ambao wagonjwa wake wako mkoani kwake. Lakini hesabu ya majina kwenye zile makala 20 ikionyesha kwamba wa kwanza ni kiongozi wa kweli, na wanafunzi wake wakasema wanasimamiwa vizuri, basi chaguo litakuwa gumu kweli, na hapo sauti ya binti ndiyo ya mwisho. Mwambie aanze na barua za wanafunzi wa zamani, maana majibu huchukua wiki mbili tatu na tarehe za kukubali nafasi hazingoji. Ile hesabu ya majina mnaweza kuifanya wawili hapo Newala jioni moja.